Rafiki Naye ni Mfiwa

Nimekuja kuzungumza juu ya kifo cha rafiki wa siku nyingi. Namzungumzia yule mliyekua naye au mliyeanza naye kazi, mkagombana mkapatana, anayekuita kwa jina ambalo watoto wako hawalijui.

Nianze na redio. Tangazo la kifo lina mpangilio ambao wengi wetu tumeukariri bila kufundishwa. Fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha baba yake mpenzi kilichotokea siku fulani. Mazishi ni kesho saa kumi. Habari ziwafikie fulani wa Mwanza, fulani wa Kigoma, pamoja na ndugu, jamaa na marafiki popote walipo. Rafiki yumo, mwishoni mwa orodha, bila jina. Na tangazo likishasomwa, kwa kawaida hatajwi tena. Mjane anakaa eda. Watoto wanapangwa mstari kupokea mkono wa pole. Ndugu wanaitwa kwenye kikao cha ukoo. Rafiki anatoa rambirambi yake, anaandikwa kwenye daftari, anakula chakula cha msiba, anaaga.

Hata sheria zetu zinamwona hivyo. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 za ruhusa yenye malipo akifiwa na mtoto, mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Orodha hiyo ni nzuri na imetungwa kwa huruma. Rafiki hayumo. Mtu aliyefiwa na mwenzake wa miaka arobaini anatakiwa awe mezani pake kesho yake asubuhi, na akionekana amenyong'onyea ataulizwa, "Kwani alikuwa nani yako?"

Dai langu ni hili. Rafiki wa kweli ni mfiwa kama wafiwa wengine. Tena amebeba sehemu ya maisha ya marehemu ambayo hakuna mwingine aliyeishuhudia, na msiba usiompa nafasi ya kulia na kusema unaizika sehemu hiyo pamoja na mwili.

Yale yasiyomo katika wasifu

Tuutazame wasifu wa marehemu, ile karatasi inayosomwa kabla ya mazishi. Sote tunajua inavyokwenda. Marehemu alizaliwa mwaka fulani, mtoto wa tatu katika familia ya watoto saba. Alisoma shule fulani. Aliajiriwa, akafunga ndoa, akastaafu. Alianza kusumbuliwa na maradhi, akapelekwa hospitali, na hali ikabadilika ghafla. Ameacha mjane, watoto watano na wajukuu kumi na wawili. Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Au: sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea.

Nilihudhuria msiba mmoja mjini Tanga, wa mzee aliyekuwa fundi wa malori. Turubai lilifungwa mbele ya nyumba, viti vya plastiki vilikodiwa, kipaza sauti kikawa kinakwaruza. Kijana wa familia akausoma wasifu wa namna hiyo, na kila neno lilikuwa kweli. Nyuma kabisa, karibu na akina mama waliokuwa wakipakua pilau, alikaa mzee aliyevaa kofia ya viua, fimbo kaiweka katikati ya magoti. Karatasi ilipokwisha akaanza kusema, kwa sauti ya chini, na sisi tuliokaa jirani tukamsikia.

Akasema, huyu bwana, enzi za ujana wetu karakana, aliletewa lori lenye breki mbovu, akaambiwa aliruhusu litoke kwa sababu mzigo unachelewa. Akakataa. Tajiri akafoka mbele ya watu wote. Yeye akachomoa ufunguo, akautia mfukoni, akakaa juu ya ngazi ya lori mpaka jua likazama. Siku hiyo alikuwa na mtoto mchanga nyumbani na alijua anaweza kupoteza kibarua. Kisha mzee akaeleza jinsi marehemu alivyopenda kuimba akiwa amelala chini ya gari, na jinsi alivyonyamaza mara tu mtu akisogea, kwa haya.

Mtoto mkubwa wa marehemu alikuwa akipita na bakuli la kunawia mikono. Akasimama, akaliweka chini, akavuta kiti. Hakuwa amewahi kusikia habari ya lori wala ya nyimbo. Alimjua baba mkali, mwenye kusema machache, aliyerudi nyumbani amechoka. Mzee akaendelea kusimulia hadi alipoitwa kwenda makaburini, na nina hakika kijana yule alimzika baba mkubwa zaidi kuliko yule aliyekuwa naye asubuhi.

Sisemi kwamba familia haimjui mtu wake. Mke anajua mambo ambayo rafiki hatayajua kamwe. Ila mzazi huwa mzazi mbele ya watoto wake. Huficha hofu yake, huficha upumbavu wake wa ujana, huficha hata baadhi ya mema yake kwa kuwa hayakuwahusu. Mbele ya rafiki hana sababu ya kuyaficha. Ndiyo maana rafiki huweza kueleza marehemu alikuwa nani kabla hajawa baba wa mtu.

Dini zetu zililiona hili

Mtu akidhani nazungumza jambo jipya, nitamrudisha kwenye vitabu vinavyosomwa misikitini na makanisani mwetu.

Imepokewa katika hadithi sahihi kutoka kwa Bibi Aisha kwamba hakuna mke wa Mtume, rehema na amani zimshukie, ambaye yeye Aisha alimwonea wivu kama Bibi Khadija, ingawa Khadija alikuwa ameshafariki kabla Aisha hajaolewa. Sababu ni kwamba Mtume hakuacha kumtaja. Na tena, alikuwa akichinja kondoo, akamkatakata vipande, akavipeleka kwa marafiki wa Khadija. Hebu tulizingatie tendo hilo. Mume aliyefiwa anawakumbuka mashoga wa mkewe. Anatambua kwamba wanawake wale nao walipungukiwa, na kwamba upendo wake kwa mkewe unawahusu wao pia. Wala hakufanya hivyo siku ya mazishi peke yake. Lilikuwa jambo lake la kawaida, miaka baada ya kifo.

Kuna na habari ya Abdallah bin Umar, mtoto wa Khalifa Umar. Akiwa njiani kwenda Makka alikutana na bedui. Akampandisha juu ya punda aliyekuwa amempanda yeye mwenyewe, na akavua kilemba chake akampa. Wenzake wakashangaa, kwa maana mabedui huridhika na kidogo. Akawajibu kwamba baba wa mtu huyo alikuwa rafiki wa Umar, na kwamba alimsikia Mtume akisema kuwa katika wema ulio bora ni mtu kuwaunga watu waliopendwa na baba yake. Kwa mafundisho haya, urafiki wa marehemu ni amana, na warithi wanaamrishwa wauendeleze kama wanavyoamrishwa kulipa madeni yake.

Upande wa Biblia tunaye Daudi. Habari za kifo cha Yonathani zilipomfikia, aliomboleza, akatunga maombolezo juu ya Sauli na Yonathani, na akaagiza wana wa Yuda wafundishwe. Kilio cha rafiki kikawa somo la taifa. Lakini Daudi hakuishia kwenye maneno. Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 9, anauliza kama amesalia mtu yeyote wa nyumba ya Sauli amtendee wema kwa ajili ya Yonathani. Anaambiwa yupo Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, mwenye kilema cha miguu yote miwili. Daudi anamrudishia mashamba ya babu yake na kumpa nafasi mezani pa mfalme siku zote. Kisiasa, yule alikuwa mjukuu wa mfalme aliyemwinda Daudi ili amuue, na wafalme wengi wa zama zile wangemmaliza. Daudi akamwona mtoto wa rafiki yake.

Tukiyaweka mafundisho haya pamoja, tunapata wajibu wa pande mbili. Familia inapaswa kuwatambua marafiki wa marehemu na kuwaweka karibu. Na marafiki wanapaswa kuwatazama wale alioacha. Machozi ya rafiki yanathibitishwa na jinsi anavyowatendea watoto wa marehemu miaka mitatu baadaye, turubai likiwa limekwisha kukunjwa zamani.

Wazee walimpa mtu wa nje kazi yake

Mila zetu nazo hazikuwaachia ndugu wa damu peke yao shughuli ya maombolezo. Huku Tanzania tunao utani. Wanyamwezi na Wazaramo, kwa mfano, ni watani kwa historia ndefu ya misafara iliyoshuka kutoka bara hadi pwani. Katika msiba mtani ana mamlaka ambayo mjomba wa marehemu hana. Huweza kuzuia shughuli mpaka apewe chake. Huvaa nguo za marehemu, akatembea kwa mwendo wake, akakohoa kama yeye, akadai deni kwa sauti yake. Waliokuwa wakilia wanajikuta wanacheka huku machozi yakiwatiririka.

Mgeni anaweza kuona ni fujo. Mimi naona ni hekima kubwa. Ndugu wa damu wamezidiwa. Hawawezi kusimama na kuonyesha marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Mtani amesimama nje kidogo ya uchungu, karibu vya kutosha kumjua, mbali vya kutosha kumsema. Anamrudisha marehemu pale uwanjani na tabia zake zote, pamoja na ubahili wake na maringo yake. Nasi tumefundishwa kutaja mema ya wafu wetu na kuyafunika mabaya yao, na hilo nalishika. Lakini kuna tofauti kati ya kufichua aibu ya mtu na kukumbuka kwamba alikuwa akichelewa kila mahali, au alikuwa hakubali kushindwa bao. Vitu vidogo kama hivyo ndivyo vinavyomtofautisha na marehemu mwingine yeyote. Msifu mtu kwa sifa za kila mtu, na hujamtaja hata kidogo.

Mijini, ambako watu walijikuta mbali na koo zao, marafiki walijipanga wenyewe. Wanahistoria wa pwani wameandika juu ya vyama vya ngoma ya beni vya nusu ya kwanza ya karne ya 20, hasa Marini na Arinoti, vilivyoenea Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na kwingineko. Watu huvikumbuka kwa tarumbeta na sare zake. Havikuwa vya kucheza tu: vilikuwa vyama vya kusaidiana wakati wa ugonjwa na msiba. Mtu aliyekuja mjini peke yake kutafuta kazi bandarini alijua kwamba akifa atapata sanda, wachimba kaburi na watu wa kumsindikiza, kwa sababu alikuwa mwenzao ngomani. Vyama vya kufa na kuzikana tulivyo navyo leo mitaani na makazini vimerithi kazi hiyohiyo. Vinachangisha, vinakodi basi, vinanunua jeneza. Tuvipongeze. Nami naviomba viongeze jambo moja: pamoja na kuusindikiza mwili wa mwanachama, visindikize na habari zake.

Aprili ya mwaka 2020

Niwaletee sasa kisa ambacho wapenzi wa Kiswahili hawajakisahau. Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 10 Aprili 2020, mwandishi Ken Walibora aligongwa na matatu katika barabara ya Landhies, Nairobi. Kwa siku kadhaa marafiki na jamaa walimtafuta bila kujua alipo, mpaka mwili wake ulipotambuliwa katika mochari ya Hospitali ya Taifa ya Kenyatta.

Huyu alikuwa mtu wa watu wengi. Riwaya yake ya Siku Njema, iliyotoka mwaka 1996, ilisomwa na vijana wengi wa Kenya shuleni, na wengi wanasema ndiyo iliyowafanya wakipende Kiswahili. Kidagaa Kimemwozea nayo ikatahiniwa katika shule za sekondari. Alisoma habari katika televisheni ya NTV, alichukua shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Ohio State, akafundisha Wisconsin nchini Marekani kisha Chuo Kikuu cha Riara jijini Nairobi. Pamoja na Said Ahmed Mohamed alihariri mkusanyiko wa hadithi fupi wa Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine, Mkenya na Mzanzibari wakishirikiana. Na mwaka 2003 alikuwa ametoa riwaya aliyoiita Kufa Kuzikana, juu ya vijana wawili marafiki wanaotoka katika jamii mbili zenye uhasama. Mtu aliyeandika kitabu kizima kuuliza kama urafiki unaweza kustahimili chuki ya kikabila alistahili kuzikwa na marafiki zake wote.

Haikuwezekana. Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi mwaka huo. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi. Kuanzia tarehe 6 Aprili watu walizuiwa kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake. Mazishi yaliwekewa kikomo cha watu 15, wawe wa familia ya karibu. Ken Walibora alizikwa tarehe 22 Aprili huko Cherangany, kaunti ya Trans Nzoia, mamia ya kilomita kutoka jiji alilofanyia kazi, na umati wa watu waliompenda ukabaki majumbani.

Ukifikiria, amri ile ilifanya wazi kile ambacho desturi zetu hukifanya kimyakimya. Ilipobidi kuchagua watu 15, rafiki alikuwa wa kwanza kuachwa. Sizilaumu hatua zile. Ugonjwa ulikuwa wa hatari na hazikuwekwa kwa ubaya. Ninachotaka tukione ni walichofanya marafiki baada ya kufungiwa mlango. Walisema. Walijaza kurasa za magazeti, wakapiga simu redioni, wakakaa mbele ya kamera za televisheni, wakatunga tungo za maombolezo na kutumiana kwa simu, kutoka Kenya, Tanzania na kwa wale walio Ulaya na Marekani. Aliyefanya naye kazi studio alimweleza Walibora mtangazaji. Aliyesoma naye alimweleza Walibora mwanafunzi. Aliyekuwa mwanafunzi wake alimweleza Walibora mwalimu. Katika siku zile chache Ken Walibora aliwekwa pamoja, kipande kwa kipande, na watu ambao hawakuruhusiwa kumtupia udongo.

Hapo ndipo nilipothibitisha jambo ninalolitetea leo. Kumbukumbu ya marafiki haikuwa pambo la msiba ule. Kwa watu wengi ndiyo iliyokuwa msiba wenyewe, na ndiyo iliyobaki. Kama wasingezuiwa, huenda wangesafiri, wangesimama juani, wangesikiliza hotuba za wanasiasa, wangerudi Nairobi usiku bila kuandika neno.

Yanayookolewa na yanayopotea

Wapo watakaoniambia kwamba maneno hupita. Nitawajibu kwa habari ya Muyaka bin Haji wa Mombasa. Muyaka alifariki yapata mwaka 1840. Alikuwa sauti ya mji wake zama za utawala wa Mazrui. Alijibizana na malenga wa Lamu wakati wa uhasama wa miji ile miwili, na alitunga juu ya mapenzi, umaskini, biashara na mambo ya barazani. Alipofariki hakukuwa na diwani iliyochapishwa. Mashairi yake yalikuwa vifuani mwa watu.

Ilikuwa miongo minne baadaye ambapo Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanazuoni wa Mombasa, alijishughulisha kuyakusanya na kuyaandika, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor. Pamoja na beti, yakaandikwa na maelezo ya mambo yaliyozizaa: nani alikuwa akijibiwa, nini kilikuwa kimetokea mjini. Sikujua alifariki mwaka 1890. Mwaka 1940 mhariri Hichens akachapisha Diwani ya Muyaka, na mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akatoa utafiti wake mkubwa juu ya mshairi huyo. Leo tunamhesabu Muyaka miongoni mwa nguzo za ushairi wetu. Mlolongo huo wote umeanzia kwa watu wa Mombasa waliokariri maneno ya mwenzao kwa sababu waliyapenda, na kwa mtu mmoja aliyewahi kuwauliza kabla hawajaisha.

Nasema "aliyewahi" kwa makusudi, kwa kuwa ndiko hofu yangu iliko. Mzee akifiwa na rafiki yake wa mwisho wa rika lake, anapoteza shahidi. Hana tena mtu wa kumwambia, "Unakumbuka ule mwaka wa mafuriko?" akajibiwa, "Ndiyo, na wewe ulipanda juu ya paa." Wajukuu watamsikiliza kwa adabu, lakini kumsikiliza mtu akisimulia si sawa na kukumbuka pamoja naye. Wazee wengi tunaodhani wamekuwa wakimya kwa sababu ya umri wamekuwa wakimya kwa sababu wale wa kuzungumza nao wamekwisha. Huo ni msiba unaojirudia kila rafiki mmoja anapoondoka, na hakuna anayekwenda kuwapa pole.

Nakumbuka wazee wa baraza moja la bao mtaani kwetu. Mmoja wao alipofariki, wenziwe walikwenda mazishini, wakarudi, na baada ya siku tatu wakaendelea kucheza. Watu wakasema wamesahau upesi. Aliyekaa nao karibu alisikia wanavyocheza. Kila mchezo ulipofika mahali pa ujanja, mmoja alisema, "Hapa yeye angekula kushoto," na wengine wakabishana kama kweli angekula kushoto. Walikuwa wanamlilia hivyo. Miezi ikapita, na bado walikuwa wanabishana.

Tufanye nini

Sitaki niwaache na huzuni bila kazi. Ninayo mapendekezo machache, na mengi yake hayahitaji fedha.

La kwanza nalipeleka kwa familia. Mnapopanga ratiba ya mazishi, mtengeeni rafiki mmoja au wawili muda wa kusema, kabla ya diwani na mheshimiwa mbunge. Waulizeni wazee ni nani hasa alikuwa mwenzake, maana rafiki wa kweli mara nyingi hajitokezi. Mpelekeeni habari ya kifo kwa kumpigia simu au kwa kumtuma mtu nyumbani kwake, asiisome kwenye kundi la WhatsApp kama mpita njia. Na mkitoa mkono wa pole, mpeni naye.

La pili ni daftari. Kila msiba una daftari la rambirambi, limepigwa mistari, jina upande huu na kiasi upande ule. Liwekeni na la pili pembeni, la kumbukumbu. Atakayekuja aandike jambo moja alilolishuhudia kwa marehemu, na asiyejua kuandika aandikiwe na kijana. Ikifika arubaini, wakati wa hitima au ibada ya shukrani, someni baadhi yake kwa sauti. Kisha lihifadhiwe pamoja na hati za familia. Wajukuu ambao hawajazaliwa watalishukuru daftari hilo kuliko lile la fedha.

La tatu ni kwa waajiri na wanaotunga kanuni za kazi. Siwaombi mbadilishe sheria usiku huu. Nawaomba, mfanyakazi anapokuja na kusema amefiwa na rafiki yake, msimwulize ana undugu gani naye. Mpeni siku ya kwenda kuzika.

La nne ni kwa marafiki wenyewe. Tuache kudhani kwamba kunyamaza ni ustahimilivu. Tuseme ukweli wa marehemu wetu, ukweli wenye heshima, pamoja na vituko vyake. Mwandikieni mjane wake baada ya miezi sita, wakati simu zimeacha kulia. Mtembeleeni mtoto wake anapoanza shule, na ikiwa mna uwezo, mnunulieni daftari na viatu. Kama mlikopeshana, lipeni bila kusubiri mdai. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na hakuna dhiki kama ya nyumba iliyoondokewa.

La mwisho ni kwenu vijana. Kila mmoja wenu ana mzazi, babu au bibi aliye na rafiki aliyebaki. Mtafuteni kabla ya mwezi huu kwisha. Chukueni simu zenu, mrekodini, muulizeni: mlikutana wapi, mligombania nini, alikuwa mtu wa namna gani alipokuwa na umri kama wangu? Msingoje msiba ndipo mwulize, kwa kuwa siku hiyo atakuwa analia, na huenda yeye ndiye atakayekuwa amezikwa. Mwalimu Sikujua aliwawahi watu wa Mombasa. Nasi tunao watu wetu, wako hai, na wana mengi ya kutuambia tukiwauliza.